Mama Apumzike, Mtoto Asikie



Mwinjili Luka atusimulia kwamba Bikira Maria, alipokwisha kupashwa habari na Malaika Gabrieli, aliondoka kwa haraka akaenda milimani kwa Elizabeti, jamaa yake, aliyekuwa na mimba ya miezi sita. Akakaa naye kadiri ya miezi mitatu. Na mara Maria alipotoa salamu, mtoto aliruka kwa furaha tumboni mwa Elizabeti. Mambo mawili yafaa tuyaangalie hapa. La kwanza, mama mjamzito alipata mwenzi wa kukaa naye. La pili, mtoto ambaye hajazaliwa aliitikia sauti ya upendo.

Je, nyumbani mwetu ni hivyo? Tazameni bonde la Kilombero. Huko Ifakara na vijiji vyake mpunga ndio riziki. Mvua zikianza, jamaa nyingi huhamia mashambani, mbali na kijiji, wakakaa vibandani hadi mavuno. Mama hulima, hupalilia, huamia ndege juu ya dungu. Tena huteka maji, hutafuta kuni, hutwanga na kupika. Jioni wengine wanyoshapo miguu, yeye yu mekoni bado. Mimba imetimiza miezi saba, na mzigo wa kichwani haujapungua. Akisema amechoka, huitwa mvivu. Na mama mkwe humkumbusha kwamba yeye alizaa wanane bila kulalamika.

Kazi ya kiasi si mbaya kwa mjamzito. Lakini Mwenyezi Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Nani basi atathubutu kuliita pumziko la mama uvivu? Kumlemea aliyebeba watu wawili katika mwili mmoja ni kosa juu ya upendo.

Wataalamu watufundisha kwamba mtoto huanza kusikia angali tumboni, na yapata mwezi wa sita au wa saba huitikia sauti za nje. Sauti aijuayo kuliko zote ni ya mama yake, hata akizaliwa huitambua kati ya sauti nyingine. Kwa hiyo, mama mpenzi, jipatie kila jioni muda wako. Jilaze kwa ubavu, ndani ya chandarua, uvute pumzi polepole. Weka mkono tumboni, usali Salamu Maria pasipo haraka. Mwimbie mtoto wimbo ule bibi yako aliokubembelezea. Mwambie habari za siku, mwambie kwamba anangojewa. Nawe baba, usione haya: msalimu mwanao, na watoto wakubwa wamsalimu ndugu yao.

Wengine watacheka. Lakini mazoea haya yana faida kubwa kuliko burudani. Mama atuliaye na kusikiliza huzijua saa za mtoto wake kucheza na saa zake za kulala. Basi siku mtoto akipunguza kucheza au akinyamaza, mama huyo atatambua mapema, naye asingoje kesho. Aende kwa mkunga au daktari mara moja. Afanye vivyo hivyo akitokwa na damu, au akishikwa na maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu. Mama asiyepewa nafasi hata ya kuketi atajuaje?

Chandarua nacho tusikidharau. Malaria humpunguzia mjamzito damu, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Katika miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa vilianza kuenezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na wachunguzi wa Ifakara walithibitisha kwamba viliokoa maisha ya watoto wengi. Kibanda cha shambani chahitaji chandarua sawasawa na nyumba ya kijijini.

Enyi waume, siku zikikaribia msimwache mke shambani kwa kuhofia ndege watakula mpunga. Masika hufunika njia kwa maji, na uchungu haungoji njia ikauke. Mrudisheni mapema karibu na zahanati, au Ifakara penyewe, ilipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Magunia mawili yakipotea, mwaka ujao mtalima tena. Mama akipotea, hakuna msimu utakaomrudisha.

Sikukuu ya Maria kumtembelea Elizabeti huadhimishwa tarehe 31 Mei, wakati ambapo bondeni watu wengi wamo katika mavuno. Tusingoje tarehe hiyo. Kila jumuiya imtafute mama mmoja mjamzito wa jirani. Mmoja amtekee maji, mwingine amtwangie mpunga, wa tatu aketi naye tu na kuzungumza. Ndivyo Maria alivyofanya: alikwenda, akasalimu, akakaa. Nasi twendeni, tusalimu, tukae. Mungu awabariki kina mama wote wanaongojea, na watoto wao wanaosikia.