Washindani Wakikaribiana, Mwamuzi Afanye Nini?

Tuseme kwamba vijana wawili wa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, wanashindana hadharani kwa ule uimbaji wa kufokafoka, ambao maneno humwagika upesi yakifuata mapigo, na kila mmoja humjibu mwenzake papo hapo. Imetangazwa kwamba atakayeimba vizuri zaidi atapewa mbuzi. Mwamuzi aliyeombwa ni katekista, mtu wa sifa njema, ila mmoja wa vijana hao ni mtoto wake wa ubatizo. Wote wawili wameimba vema. Wa kwanza ana sauti, na vina vyake havikuyumba hata mara moja. Wa pili ana akili ya kujibu: neno alilotupiwa kwa dhihaka amelirudisha limegeuka, likampata aliyelitupa. Watu wanapiga kelele, nusu huku, nusu huku. Katekista afanye nini?

Msomaji asidhani kwamba neno hili ni dogo mno kwa ukurasa huu. Mbuzi ni kitu kidogo, lakini hukumu sivyo; maana aliyezoea kuamua ovyo penye ngoma ataamua ovyo vilevile siku ukoo utakapomketisha kugawa mali ya marehemu.

Wako watakaosema, “Awaachie watu waamue wenyewe.” Shauri hili lina asili ya heshima katika nchi yetu. Kwa jirani zetu Wasukuma, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana hivyo tangu zamani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, nao watazamaji huenda kule wanakovutwa; kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Hapana mwamuzi wa kuhongwa, wala wa kulaumiwa. Padre David Clement wa Shirika la Mapadre Weupe, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, karibu na Mwanza, hakuyakataa mashindano hayo. Yaliambatanishwa na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, na mpaka leo huchezwa mwezi wa Juni kwa jina la Bulabo.

Hata hivyo, tuangalie vizuri watu wale wanajibu swali gani. Husimuliwa kwamba Ngika na Gumha, ambao vyama hivyo vinatokana nao, walikuwa waganga walioshindana kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi, na ngoma ndiyo iliyokuwa kipimo. Kwa hiyo tangu mwanzo iliyopimwa ni nguvu ya kuvuta, na anayetaka kujua nani amevuta wengi hana budi kuwahesabu wengi. Lakini mbuzi wa Kwihara hakuahidiwa mvutaji. Aliahidiwa mwimbaji bora. Kuwahesabu watu hapo ni kujibu swali ambalo halikuulizwa, tena ni kumpa ushindi mwenye shangazi wengi.

Wengine watasema, “Wametoka sare, wagawane nyama.” Ikiwa mwamuzi haoni tofauti yo yote, na aseme hivyo kwa moyo mweupe. Lakini mara nyingi sare ni jina la heshima tu la woga. Ameiona tofauti, nayo ni nyembamba, akaogopa kuitaja.

Hapa mtu mwenye dhamiri nyepesi atauliza kama si dhambi kuhukumu penye shaka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba hukumu ya haki yataka mambo matatu: moyo wa haki, mamlaka, na busara; nayo hukumu iliyojengwa juu ya dalili hafifu huiita ya pupa. Afundisha pia kwamba penye shaka juu ya mwenendo wa jirani, tumdhanie mema. Sawa kabisa, lakini Kwihara hapana mshtakiwa. Shaka ikielekezwa kumfaa mmoja, yamwumiza wa pili, naye pia ni jirani.

Dawa yake ni kipimo kilichowekwa mapema. Zamani za misafara, pembe za ndovu zilizopita Unyanyembe zilipimwa kwa frasila, ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Bega la mpagazi halikuweza kutambua tofauti ya ratili moja, mizani iliweza. Wimbo hauna mizani ya chuma, lakini watu waweza kupatana kabla ya sauti ya kwanza kusikika: je, kujibu kutazidi sauti, au sauti itazidi kujibu? Wakiisha kupatana, hata tofauti ya unywele yatosha, wala si pupa. Ama yule anayechagua kipimo baada ya kusikia nyimbo ni ndugu yake mfanyabiashara anayechagua jiwe la mizani akiisha kuiona pembe.

Imebaki habari ya mtoto wa ubatizo. Sheria ya Musa yakataza kumpendelea mkubwa, na yakataza vilevile kumpendelea maskini. Kwa hiyo katekista aweza kukosa kwa njia mbili: kumpa kijana ushindi kwa kuwa ni wake, au kumnyima kwa kuwa ni wake, watu wasije wakasema. Nadhani njia ya pili ndiyo inayowanasa watu wema, maana husifiwa kwayo. Ni upendeleo uleule, ila safari hii anayependelewa ni katekista mwenyewe.

Afadhali angekataa alipoombwa. Kama hakupatikana mwingine, autangaze ujamaa wao kabla ya nyimbo, aombe wawili wa kuketi naye, kisha atoe hukumu yake pamoja na sababu. Na kijana aliyeshindwa akimjia mlangoni kesho yake, akiuliza ni ubeti gani uliomwangusha, na atajiwe ubeti huo.