Deni la Utulivu

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Chato na Geita, mwalo wa kuchenjulia ni karakana, soko na kijiwe kwa pamoja. Makarasha yanasaga mawe, jenereta inanguruma, mama lishe anaita wateja, dalali anabishana kwenye simu, na pembeni karani anaandika nani kaleta viroba vingapi. Akikosea mstari mmoja, jasho la mtu limehamia kwa mwenzake. Je, utulivu wa karani huyo ni jukumu la nafsi yake peke yake, au ni haki anayowadai waliomzunguka? Wahubiri wengi, na wanafalsafa pia, hukimbilia jibu la kwanza: jizuie, tuliza moyo, dunia haitanyamaza kwa ajili yako. Jibu hilo lina ukweli, ila ni nusu.

Shahidi wao mkubwa ni Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya karne ya kwanza, aliyemwandikia rafiki yake Lucilius barua akiwa anaishi juu ya hamamu ya watu wote. Anaeleza pumzi za wanaonyanyua vyuma, mlio wa makofi ya wanaokandwa, kelele za wachuuzi, kisha anadai kwamba akili iliyotulia haisumbuliwi na hayo. Wanaomtaja husahau mambo mawili. Barua inaisha kwa yeye kusema kwamba anahama! Tena humohumo anakiri kuwa sauti ya mtu huvuruga kuliko kishindo, kwa sababu kishindo hujaza masikio tu, lakini maneno huivuta akili. Utafiti wa saikolojia tangu miaka ya 1970 umemuunga mkono: anayejaribu kukumbuka orodha huyumbishwa zaidi na maongezi ya jirani kuliko na mngurumo usiobadilika. Basi karani wa mwaloni haibiwi na karasha. Anaibiwa na dalali.

Kwa hiyo wingi wa sauti si kipimo. Wasukuma wamelima kwa bugobogobo, ngoma ikipigwa shambani na majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja, na hakuna anayesema ngoma ile inaharibu kazi. Mapigo yake ni ya wote. Kinachotawanya fikra ni sauti ambayo mmoja ameiamua na wengine wanailipia.

Na hapa maandiko yanasema zaidi ya wahubiri wake. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume Muhammad alikuwa katika itikafu, yaani amejitenga msikitini kwa ibada, akawasikia watu wakisoma Kurani kwa sauti kubwa. Alifunua pazia akawakataza kuudhiana na kupandishiana sauti, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa akinong'ona na Mola wake. Hakuwaambia waliosumbuliwa waongeze khushui, ule utulivu wa moyo katika ibada. Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho, aliagiza wenye kunena kwa lugha wawe wawili au watatu, tena kwa zamu. Kama hata kisomo na karama ya Roho vina mipaka mbele ya jirani, spika ya simu ina hoja gani?

Yupo atakayesema utulivu ni anasa, kwamba anayetafuta ugali hana nafasi ya kudai ukimya. Lakini hakuna anayeomba karasha lizimwe. Na machimboni kwenyewe utulivu una bei ya uhai: aliye juu ya duara, yaani shimo la kuchimbia, asipoipata ishara ya aliye chini, mtu anaweza kufa. Pale hakuna anayeuita anasa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni jingine, la cheo. Kibarua akiongea sana huambiwa anyamaze. Mwenye karasha akifungulia redio mpaka mwisho, hakuna wa kumgusa. Wanaohubiri subira kwa wote wanajua fika itabebwa na nani. Pazia lile msikitini lilifunuliwa na mkubwa wa mahali pale, naye aliwaendea wapaza sauti.