Je, Tuchague Watoto kwa Mashine?

Baada ya darsa ya Alasiri hapa Wete, mzee mmoja mwenye mabinti watano aliniuliza: "Maalim, shemeji yangu aliyeko Muscat anasema ipo mashine ya kuchagua mtoto wa kiume. Ni halali?"

Ndugu msomaji, mashine ipo. Mbegu ya baba inayozaa mtoto wa kike hubeba vinasaba vingi zaidi, kwa kiasi cha asilimia 2.8, kuliko inayozaa wa kiume. Mbegu hutiwa rangi, hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, kisha hutengwa kwa mng'ao wake. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walitangaza kuzaliwa kwa sungura kwa njia hii. Baadaye ikatumika kwa ng'ombe na binadamu.

Wengi wetu tutajibu haraka kuwa huko ni kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu (S.W.). Naona hoja hiyo haitoshi. Mashine haiumbi, inatenga vilivyokwisha kuumbwa, na mara nyingine hukosea. Mashine za jamii hiyo hiyo zilihesabu seli za CD4 za wagonjwa wa UKIMWI, madaktari wakajua nani aanze dawa. Na mfugaji anayetaka mitamba apate maziwa, nani atamlaumu?

Lakini mtamba hajui kuwa alichaguliwa. Binti anajua. Bintiye mzee yule ni mwanafunzi wangu, na habari zilimfikia. Akaniuliza: "Maalim, baba angepata mashine hiyo mapema, mimi ningekuwapo?"

Mwaka 2007 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilikataza kuchagua jinsia ya mtoto kwa matamanio tu. Liliruhusu kwa dharura ya maradhi ya kurithi yanayowapata wavulana bila wasichana, au kinyume chake, mfano ugonjwa wa damu kutoganda. Kumkinga mtoto na madhara ni rehema. Kumkwepa kwa kuwa ni wa kike ni ujahilia uliokemewa katika Surat An-Nahl.

Mzee aliniambia anawapenda mabinti zake, nami namwamini. Kutamani mtoto wa kiume si dhambi, kwani Nabii Zakariya (A.S.) aliomba mrithi. Ila anayeomba dua humwachia Mola aamue, na atakayekuja hupokewa. Mashine humfungia mlango mmoja wao kabla hajabisha.

Nikamwambia mzee: "Omba, lakini kwanza nenda ukamjibu binti yako."

Wabillahi tawfiq.