Mtoto ni Amana ya Wawili

Mume na mke wakifarakana, sheria na mila zina maneno mengi ya kuwaambia. Walakini kijana waliyemzaa hubaki na swali lisilojibiwa na hati ya talaka wala na hesabu ya ng'ombe wa mahari: mimi ni wa nani? Mkoani Mara, Tanzania, jibu la mila aghalabu limekuwa kwamba mahari ikishatolewa mtoto ni wa ukoo wa baba; na kwa jibu hilo kijana wa Bunda, ambaye mama yake amehamia Musoma kutafuta riziki, aweza kuonekana msaliti kwa kwenda tu kumjulia hali.

Yamkini patatokea wa kusema kwamba madhara yote hutokana na wazazi kukaa mbalimbali. Sikubali. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa na wake 22, na Mgaya wa Nyang'ombe, mama yake Mwalimu, alikuwa wa tano. Mtoto alikuwa wa nyumba ya mama yake na wa boma la baba yake kwa wakati mmoja. Siusifu uke wenza. Nasema kwamba kinachomdhoofisha kijana si kuta mbili, bali ni kufanywa shahidi katika kesi ya wazazi wake, kutumwa na matusi ya huyu kwa yule, na kunyimwa karo ili mwingine akomolewe. Kijana huyo hukosa usingizi, hulegea katika masomo, na huiogopa ndoa kabla hajaijua.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyatanguliza maslahi ya mtoto mbele ya madai ya wazazi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ikampa haki ya kumzuru mzazi asiyekaa naye. Ila hapana hakimu awezaye kuuamuru moyo uache chuki. Hapo ndipo dini inaposema kwamba, maadamu mtoto ni amana ya Mungu kwa watu wawili, ugomvi wa wadhamini haumwondolei dhamana hata mmoja wao.

Palipo na vipigo, kutengana ni hifadhi, wala mtoto asirudishwe mikononi mwa dhalimu. Penginepo pote, wanaoachana wamebakiwa na faradhi moja isiyo na talaka: kila mmoja amruhusu mtoto, kwa kinywa chake mwenyewe, kumpenda yule aliyeachana naye.