Radhi Ikishaombwa

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wazao wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akaomba radhi kwa maovu ya Vita vya Maji Maji. Lilikuwa neno zito, na lilistahili kusemwa. Lakini radhi ikishaombwa, kazi inabaki kwa nani?

Sisi wa pwani ya Mrima tuna sababu ya kuuliza, kwani jeraha letu ni la zamani zaidi. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar, Khalifa bin Said, aliikabidhi pwani hii kwa kampuni ya Kijerumani, wenyeji wasiulizwe. Pangani ikawaka, Bagamoyo ikafuata. Bushiri bin Salim aliongoza vita hadi aliponyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata Bwana Heri wa Saadani naye akaweka silaha chini. Pwani ilitulizwa kwa mizinga, na aliyetulizwa hivyo hajapatanishwa.

Leo, ufukweni Bagamoyo, makaburi ya Wajerumani yamezungushiwa ukuta na yana majina. Si mbali na hapo, jiwe linaonyesha mahali waliponyongewa Waafrika walioupinga utawala ule. Hao wametajwa kwa jumla tu. Makaburi ya wageni na yaendelee kutunzwa, maana maiti ana heshima yake, awe yeyote. Ila heshima hiyo iwafikie na wenyeji.

Kuhusu kazi inayobaki baada ya radhi, kuna mfano wa kutazama: huko Kanada, jimbo la Manitoba liliwahi kuwa na idara ya serikali ya maridhiano na wenyeji asilia na mahusiano na kaskazini. Kabla yake, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilikuwa imetoa miito 94 ya kuchukua hatua. Idara peke yake haiponyi moyo wa mtu. Hata hivyo, palipo na mtumishi, bajeti na faili, mdai harudishwi nyumbani na pole tupu.

Halmashauri za Bagamoyo na Pangani, walimu wa historia, masheikh, na ninyi wazee mnaozijua nasaba: tufungue daftari la majina sasa. Nyaraka zilizoko Ujerumani tuziombe. Masimulizi yaliyoko majumbani tuyaandike. Anayedai haki ya marehemu wake, kwanza amtaje kwa jina.