Kitanda Usichokilalia

Hakuna sadaka itolewayo kwa wepesi kama shauri. Mtu asiye na senti mfukoni, aombwapo kibaba cha unga, husema hana. Lakini mashauri anayo ya kuutosha mtaa mzima. Mjane wa Temeke aliyerudi jana kutoka makaburini huambiwa leo namna ya kuitumia nyumba aliyoachiwa. Baba wa Kinondoni aliyepoteza kazi hupokea mbarazani maarifa kumi ya biashara kutoka kwa watu ambao hawajawahi kufanya biashara. Kwa ajili ya watu wa namna hii wazee wetu walituachia methali: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yafaa tuitazame vema, maana wengi huitaja, na wengine huitumia vibaya.

Kwanza tuangalie asili ya maneno yenyewe. Kitanda cha kale cha pwani kina matendegu manne yaliyoungwa kwa mifumbati, nacho huwambwa kwa kamba za makumbi ya nazi au kwa ukindu. Katika maungio hayo na katika mafundo ya kamba ndimo kunguni hujificha mchana kutwa. Hutoka usiku, taa ikiisha kuzimwa, akavutwa na joto la mtu alalaye. Kabla ya mapambazuko amekwisha kurudi mafichoni. Basi mgeni apitaye mchana huona kitanda kimetandikwa shuka safi, akakisifu, au akamshangaa mwenyewe kwa kulala chini mkekani. Hakusema uongo, ameona kwa macho yake. Lakini ameona mchana, na taabu ya kitanda kile huja usiku. Kadhalika mwenye kitanda ajua tayari dawa ya maji ya moto na ya kuanika juani. Pengine alikwisha kuitumia mara nyingi kuliko mgeni wake.

Methali hii ina ndugu zake. Twasema pia kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, kwa sababu kata ndiyo ishukayo hadi chini ya maji. Waingereza nao humcheka mtu amfundishaye bibi yake kunyonya mayai. Na Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyezaliwa katika karne ya kwanza, asimulia habari za Mrumi mmoja aliyemwacha mkewe. Rafiki zake walipomlaumu, aliwaonyesha kiatu chake akawauliza kama si kizuri na kipya. Kisha akawaambia kwamba hakuna hata mmoja wao ajuaye mahali kinapombana mguu. Kiatu cha Roma na kitanda cha pwani vyafundisha jambo moja: maisha ya mtu yana upande usioonekana na apitaye njia.

Mfano mkubwa tulioupata hapa petu ni ule wa bonde la Msimbazi. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, mto ukafurika, watu wapatao 40 wakapoteza maisha, na maelfu wakabaki bila makazi. Serikali ikawagawia wengi viwanja huko Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni. Shauri la kuhama mabondeni lilikuwa la kweli, nalo lingali la kweli, kwa kuwa maji yamerudi tena na tena. Walakini baadhi ya watu walirudi bondeni, na wenye kukaa katika nyumba za juu wakawaita wakaidi. Je, mtu wa bondeni hakujua kwamba mto hufurika? Alijua kuliko sote. Yeye ndiye aliyepandisha watoto darini usiku. Lakini riziki yake ilikuwa Kariakoo, na toka Mabwepande nauli yaweza kuila faida ya siku nzima ya mchuuzi. Asemaye tu, “Hameni,” amempa alichonacho tayari. Alichokosa hakikuwa habari ya hatari. Alikosa kazi, usafiri na mkono wa kumsaidia. Shauri laweza kuwa la kweli na bado lisimfae kitu apewaye.

Basi kwa nini twapenda kushauri pasipoombwa? Mara nyingi ni kwa sababu shauri humkweza atoaye. Asemaye husimama, asikiaye huketi. Tena shauri ni rahisi: likiisha kutoka kinywani, dhamiri yatulia kana kwamba tumetenda tendo jema. Rafiki za Ayubu walipomjia walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hiyo ndiyo iliyokuwa huruma yao bora. Walipofumbua vinywa wakaanza kumweleza Ayubu maana ya mateso ya Ayubu. Mwisho Mungu alimkasirikia Elifazi na wenzake wawili, wakahitaji kuombewa na yule yule waliyekuwa wakimfundisha.

Kinyume chake ni Yethro, mkwe wa Musa. Huyu alisikiliza kwanza habari zote za mkwewe. Kesho yake akamtazama akiamua mashauri ya watu toka asubuhi hata jioni. Akauliza kwa nini afanya kazi hiyo peke yake. Ndipo aliposhauri, tena akaiacha hukumu kwa Mungu na kwa Musa mwenyewe. Kisha akarudi kwake. Hakukaa kuchungulia kama ametiiwa.

Lakini tujihadhari. Kanisa lahesabu miongoni mwa matendo ya huruma ya kiroho kuwafundisha wajinga, kuwashauri wenye mashaka na kuwaonya wakosefu. Methali haikuja kuyafuta hayo. Wako waume wawapigao wake zao katika nyumba zetu za vyumba sita, ambamo ukuta hauzuii sauti. Na jirani abishapo hodi, hujibiwa kwa methali hii hii. Hapo hekima ya wazee imefanywa kitasa cha kufungia uovu. Hata yule Mrumi mwenye kiatu aliwanyamazisha rafiki zake, ila hatukuambiwa kwamba alimtendea haki mkewe. Kunguni ni siri ya mwenye kitanda, bali moshi utokao dirishani ni wa mtaa mzima. Mtoto aonewapo, au uhai wa mtu uwapo hatarini, jirani hahitaji kukilalia kitanda ndipo aingie. Mungu alimwambia nabii Ezekieli kwamba mlinzi aonaye upanga waja asipige tarumbeta, damu ya watu itadaiwa mkononi mwake.

Kwa hiyo, kabla ya kusema, kila mmoja ajiulize: Je, nimeombwa? Kama sikuombwa, je, yuko anayeumia na asiyeweza kujitetea? Na je, niko tayari kubeba sehemu ya mzigo ule ninaousemea? Bwana wetu mwenyewe, alipomwona Bartimayo kipofu, alimwuliza kwanza ataka atendewe nini, ingawa upofu wake ulikuwa wazi kwa wote. Wazazi wawazoeze watoto wao desturi hiyo. Nasi tumwendeapo mjane, tuchukue unga, tuketi, tumsikilize; naye akituuliza shauri, ndipo tumjibu.