Kimya cha Mnyama Si Dalili ya Kutoumwa

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu zetu, huku Olenguruone, kwenye baridi ya Mau, maziwa ya ng'ombe ndiyo riziki ya nyumba nyingi. Na katika kazi za mfugaji ni kuwaondoa ndama pembe kwa chuma cha moto, wasije wakaumizana wakubwapo. Kazi hiyo haina lawama. Tulikataalo ni neno lisemwalo wakati wa kuifanya: ya kuwa ndama haumwi sana, kwani akifunguliwa tu hukimbilia kunyonya.

Neno hilo si kweli. Ndama ana mishipa ya fahamu kama tulivyo nayo sisi, na mmoja hupita baina ya jicho na pembe, ukayapeleka maumivu hadi kwenye ubongo. Ila mnyama awindwaye huficha udhaifu wake, kwa kuwa aonekanaye kuumwa ndiye akamatwaye kwanza. Mwenye kutaka kujua na aangalie: hutikisa kichwa, huchezesha masikio, husaga meno, huacha kucheua, hujitenga na wenziwe.

Imepokewa na Abu Daud ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, na ngamia alipomwona akalia, machozi yakamtiririka. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio hata akanyamaza. Kisha ndipo akamtafuta mwenyewe, akamkemea kwa kumtia njaa na kumchosha. Tazameni mpango wake: kwanza alimtuliza mwenye maumivu, kesi ikafuata baadaye.

Basi sisi tumtulize vipi ndama? Aondolewe pembe kabla ya kutimiza miezi miwili, chipukizi lingali halijashikana na fuvu. Daktari wa mifugo apige sindano ya ganzi, lignokeini, baina ya jicho na pembe. Ingojewe kama dakika 10, ngozi ijaribiwe kwa ncha ya sindano, ndipo chuma kitiwe. Ganzi huisha baada ya saa chache na kidonda kingali kichungu. Kwa hiyo huongezwa meloksikamu, ambayo nguvu yake hukaa muda mrefu zaidi.

Wako watakaosema: dawa ni gharama, na ndama hafi. Ajabu! Nani kati yetu angekubali kung'olewa jino pasipo ganzi kwa hoja ya kuwa hatakufa? Kuondoa pembe ni haja. Maumivu yawezayo kuzuiliwa si haja ya mtu yeyote. Sheria ya Kenya nayo, Sura ya 360, yakataza kumtesa mnyama bila ya sababu.

Na ng'ombe akamwaye akitiwa dawa, maziwa yake yasiuzwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Na chuma kitiwe moto mbali na macho ya ndama, kama tulivyoamrishwa kukificha kisu kwa mnyama wa kuchinjwa.

Wabillahi taufiki.